Nilimwambia chief pilot nina kizunguzungu ili niwahi usaili wa ndege kubwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zenu za ndoa na za viwanja nimezisoma miaka, nacheka peke yangu naondoka. Leo ni zamu yangu kuchekwa, na ruksa nimeshatoa.

Nitakayoyaandika yamenikuta mwenyewe, na uongo uliomo ni ule nilioutoa kwa mdomo wangu siku ile. Majina nimebadilisha. Makampuni nayaita Kampuni Ndogo na Kampuni Kubwa, maana kibarua changu bado nakishikilia kwa kucha.

Mimi ni rubani.

Najua hapo wengine mmeshaanza kuwaza pesa. Ngojeni kwanza.

Nilipomaliza chuo nilikaa mtaani karibu miaka miwili. Laisensi ipo kabatini, mimi nipo Segerea nafundisha tuisheni ya hesabu watoto wa form two. Mama akipata mgeni ananiita sebuleni, "huyu ndiye rubani wetu," mgeni ananiangalia nimevaa ndala na chaki kwenye vidole. Nilikuwa natamani sakafu inimeze.

Ile miaka miwili naomba muikumbuke, maana ndiyo iliyonitengeneza huu woga mtakaouona.

Baadaye Kampuni Ndogo wakanichukua. Wana ndege za injini moja, abiria kumi na wawili, kazi ni kupeleka watalii visiwani na mbugani. Nikakaa kiti cha kulia kama rubani msaidizi. Mtaani wakaipa jina, bajaji ya angani. Sikujali hata kidogo. Mshahara wa kuanzia ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea, na juu yake kuna posho ya kila saa unayoruka.

Nikaoa. Mke wangu tumwite Rehema, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Buguruni. Tukapanga nyumba ndogo hapo hapo Segerea, mimba ikaingia, maisha yakaanza kuwa na sura.

Ndipo ikaja email ya Kampuni Kubwa. Niliomba kwao zamani mpaka nikasahau. Wananiita kwenye mtihani na usaili, Jumanne na Jumatano ya wiki inayofuata.

Wakuu, usiku ule nililala macho. Na sio kwa furaha.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze, maana watu wa nje wanaona ni jambo jepesi, ndege kubwa si ndiyo mshahara mkubwa? Hapana.

Kampuni Kubwa mshahara wa kuanzia ulikuwa chini ya ule niliokuwa nalipwa, pungufu karibu theluthi nzima. Halafu kwa kuwa wao ndio wanaokulipia mafunzo ya ile ndege yao, unasaini mkataba wa kukaa miaka mitano. Ukiondoka kabla, gharama unarudisha.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili aende? Kwa sababu ya masaa. Rubani thamani yake ni masaa aliyoruka, lakini masaa hayalingani. Ya ndege kubwa ya marubani wawili yanakufungulia mlango nchi yoyote. Ya injini moja watu wanayaheshimu, ila milango mingine hayafungui.

Na kuna foleni. Kampuni Kubwa siku unayoingia darasani unapewa namba yako. Namba hiyo ndiyo inayoamua lini utakuwa kapteni, nani atachagua likizo kwanza, nani ataruka sikukuu wenzake wakila pilau. Aliyeingia wiki moja kabla yako atakuwa mbele yako mpaka mnastaafu.

Kule Kampuni Ndogo ningekuwa kapteni ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Raha kweli, lakini baada ya hapo ngazi imeisha, unabaki kapteni wa ndege ile ile mpaka mvi. Na masika watalii wanapungua, masaa yanapungua, mshahara unakonda.

Nikamtafuta rafiki yangu Deo. Tulisoma naye chuo, yeye yuko Kampuni Kubwa tayari, anakaa Gongo la Mboto. Tukakutana Buguruni kwenye supu.

"Braza, mshahara wa kuanzia usikuchanganye, ule ni wa kuanzia tu," akaniambia. "Wewe uliza ndege ngapi zinaruka, na sie tuliopo kwenye foleni tupo wangapi. Mwezi uliopita ndege mbili zilikuwa chini zinasubiri vipuri. Nimeruka masaa ishirini tu mwanangu. Nilikuwaga nashinda nyumbani mpaka wife akaanza kunituma sokoni."

"Kwa hiyo nisije?"

"Njoo. Tena njoo haraka, namba zinasogea."

Mnaona ushauri huo? Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Nyumbani Rehema akachukua daftari la mazoezi, akapiga mstari katikati, Ndogo huku, Kubwa huku. Tukajaza ukurasa mzima. Mwisho akaweka kalamu chini.

"Mie ndege sizijui," akasema. "Najua mtoto anakuja mwezi wa tisa na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Ila nakujua wewe pia. Usipoenda utanilaumu mpaka uzeeni."

Basi nikaamua niende kwenye usaili tu, kuamua kwenyewe kutakuja baadaye.

Tatizo, ratiba ya kazi. Jumanne na Jumatano nimepangiwa kuruka. Ilikuwa mwezi wa sita, watalii wameanza kumiminika, hakuna anayepewa ruhusa hovyo.

Kwa nini sikuomba ruhusa kwa kusema ukweli? Swali hilo nimejiuliza mara elfu. Niliogopa, basi. Nilijiona nimerudi kwenye ndala na chaki. Nikajiambia chief pilot akijua natafuta kwingine atanikata jina, na Kampuni Kubwa nikifeli nitakuwa nimekosa kote kote. Chief pilot ndiye mkuu wa marubani wote, sisi tunamwita Chifu. Mzee mtulivu, haongei sana, na usiposoma uso wake vizuri unaweza kudhani amenuna.

Nikaanza kuchagua ugonjwa. Msicheke.

Malaria nikaikataa, watataka karatasi ya maabara. Homa, kuna kipimajoto. Tumbo, wataniuliza nimekula nini na nimekula na nani. Nikakumbuka Rehema huwa ananisimulia walimu wenzake wakitaka kuchomoka kazini wanasema kizunguzungu. Kizunguzungu hakina kipimo. Unasema tu unashika ukuta.

Nikaona hapo nimepata. Akili kubwa kabisa.

Jumatatu mchana nikasimama uani karibu na tenki la maji nikapiga simu.

"Shikamoo Chifu."

"Marahaba. Vipi?"

"Chifu, sijisikii vizuri. Nina kizunguzungu, kesho na keshokutwa sidhani kama nitaweza."

Nikasikia anavuta kiti anakaa.

"Cha namna gani? Kichwa chepesi, au vitu vinazunguka?"

Sikuwa nimejiandaa na swali. Nikataka kuonekana naumwa kweli kweli.

"Vinazunguka, Chifu. Vinazunguka kabisa."

"Kimeanza lini?"

"Juzi juzi hivi."

"Juzi uliruka na Kapteni Asha. Ulikisikia ukiwa hewani?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Lakini uongo ukishaanza kutembea unataka kiatu. Nikasema, "Kidogo."

Akashusha pumzi. "Sawa. Usiguse ndege yoyote mpaka daktari wa marubani akuone. Pole sana kijana wangu."

Nikakata simu nikaruka juu kwa furaha, naapa. Nimepata siku mbili!

Wakuu, nilisomea mambo haya darasani. Najua kabisa rubani akitamka kizunguzungu maana yake nini. Karani akisema hivyo anapewa pole na soda. Rubani akisema hivyo amesema hafai kuongoza ndege, na akisema kilimpata hewani amesema aliruka na abiria akiwa hafai. Lakini siku ile nilikuwa nawaza kama mtu anayetoroka ofisini.

Mtihani Jumanne ukawa mwepesi. Jumatano jopo la watu watatu.

"Unalipwa zaidi ulipo. Kwa nini unataka kushuka?" mmoja akaniuliza.

Nikawaeleza yale yale tuliyojaza kwenye daftari la Rehema, masaa, foleni, miaka kumi mbele. Wakawa wanatikisa kichwa kwa kukubali. Nilijisikia mtu.

Alhamisi asubuhi email ikaingia. Nimefaulu. Darasa linaanza baada ya siku kumi na tisa. Niende na cheti cha afya cha urubani kilicho hai.

Dakika ishirini baadaye, namaanisha nikiwa bado nimeishika simu, ikaja meseji ya Chifu. Ameshamwandikia daktari, cheti changu kimesimamishwa, nikamuone kesho yake saa tatu.

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha mlango. Na safari hiyo vitu vilizunguka kweli.

Daktari ni mama mmoja mpole, ndiye aliyenipima tangu nianze. Madaktari wanaoruhusiwa kupima marubani sio wengi mjini, kwa hiyo huyo huyo ndiye ambaye Kampuni Kubwa wangempigia. Akanikalisha, akavaa miwani, akaanza kuandika orodha. Masikio. Usawa wa mwili nikisimama. Moyo. Picha ya kichwa.

"Picha ya kichwa, dokta?"

"Umesema vitu vilizunguka ukiwa hewani. Siwezi kukuachia hivi hivi. Itachukua wiki kadhaa."

Wiki kadhaa. Mimi nina siku kumi na nane.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Rehema kila kitu. Alijua naenda usaili, hakujua nimeaga vipi. Akanitazama, mkono juu ya tumbo.

"Umemwambia bosi wako wa ndege una kizunguzungu?"

"Ndiyo."

"Hata wa bodaboda hasemi hivyo, baba nanii."

Halafu akalia. Sikuwahi kumuona analia vile.

Deo kwenye simu akanishauri nikaze. "Vipimo vitatoka safi, utasema kilipita. Nani atajua? Darasa hili likikupita, utaingia lijalo." Rehema mwenyewe alipotulia akasema hivyo hivyo. Na mimi nilikubali. Naomba mnielewe hapo, sikuwa mtu mwema aliyesukumwa na dhamira. Nilikuwa nimeamua kuukaza uongo mpaka mwisho.

Kilichonibadilisha ni fomu.

Jumatatu niliitwa ofisini kuandika maelezo ya ile safari niliyoruka na Kapteni Asha. Nimweleze Chifu kizunguzungu kilianza saa ngapi, tulikuwa wapi, nilimwambia nani. Mezani kulikuwa na karatasi nyingine, kurasa mbili, mwandiko ninaoufahamu. Wa Kapteni Asha.

Huyu dada ndiye aliyenifundisha kazi. Kila nilipokosea alinirekebisha bila kunidhalilisha mbele ya abiria. Sikupaswa kusoma, nikasoma. Alikuwa ameandika kwamba anajilaumu. Kwamba alikuwa kapteni wa ndege ile na ilikuwa kazi yake kuona kama mwenzake hayuko sawa, na hakuona. Anaomba ahojiwe.

Mtu anaomba ahojiwe kwa kizunguzungu nilichokibuni karibu na tenki la maji!

Kalamu ikanigoma. Nikanyanyuka nikaenda kugonga mlango wa Chifu.

"Shikamoo Chifu."

"Marahaba. Umemaliza kuandika?"

"Chifu, sikuumwa."

Akafunga faili lililokuwa mbele yake.

"Nilienda usaili, Kampuni Kubwa. Sijawahi kuwa na kizunguzungu. Kapteni Asha hana kosa lolote."

Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Nilitegemea kelele. Hata nilizitaka.

"Vijana wanne wametoka hapa wakaenda kule," akasema taratibu. "Wote barua zao nilizisaini mimi mwenyewe. Najua nyie mnapita tu hapa, mnakusanya masaa mnakwenda. Ungeniambia ningekupa siku mbili, na wiki ya kujisomea juu."

Nikamuomba radhi.

"Mie sina shida na wewe kutaka kuondoka. Shida yangu ni moja. Siku ukiniambia uko fiti, nikuamini kwa lipi?"

Wakuu, mpaka leo nikiwa naoga swali lile linanijia.

Nilipewa barua ya onyo kali. Nilimrudia daktari nikamweleza ukweli nikidhani atanirudishia cheti. Akatabasamu kwa huzuni. "Uliniambia unaumwa, nikakuamini. Sasa unaniambia huumwi. Hapo tuache vipimo viseme."

Vikachukua wiki saba. Wiki saba za msimu wenyewe, wenzangu wanaruka mpaka wanachoka, mimi nipo dawati la ofisini nahesabu mabegi ya watalii. Posho ya masaa hakuna. Kodi ya miezi sita alilipa Rehema kwa mkopo wa walimu, na hakunisema, jambo lililouma kuliko angenisema.

Darasa la Kampuni Kubwa likaanza bila mimi. Waliingia watu wanane. Hao wanane watakuwa mbele yangu siku zote hata nikiingia kesho.

Kapteni Asha nilimfuata kwao kumuomba radhi. Alinipa chai kwanza. Kisha akasema, "Wiki nzima najiuliza, je ningekuwa nimezimia mie siku ile, ukabaki wewe na abiria kumi na wawili na kichwa kinazunguka? Nilikuwa nawaza watoto wangu." Akanisamehe, ila hakusema haidhuru. Niliporudi kazini ndiye niliyepangwa naye. Mpaka leo kabla ya kuwasha injini ananigeukia, ananiuliza "uko sawa?", na anasubiri akinitazama machoni mpaka nijibu.

Mtoto alizaliwa salama mwezi wa tisa, wa kike. Sasa anaota meno.

Wiki mbili zilizopita Kampuni Kubwa wameniandikia tena. Wanafungua darasa jingine, matokeo yangu ya usaili bado yanafaa. Kuna fomu ya kujaza, na swali moja linauliza kama cheti changu cha afya kimewahi kusimamishwa, na kwa nini. Nikajaza ukweli wote, mistari kumi na moja. Swali hilo litakuwepo kwenye kila fomu nitakayojaza mpaka nistaafu.

Wanataka pia barua ya chief pilot, aeleze mimi ni mtu wa aina gani.

Safari hii nikaenda kwa Chifu mchana kweupe, nikamwambia naomba barua, nataka kuondoka. Akaniambia nirudi kesho. Niliporudi akanipa bahasha haijafungwa. "Soma kwanza. Usipoipenda ichane, sitakuuliza."

Imeandikwa Kiingereza, lakini kwa lugha yetu inasema hivi: "Anaruka vizuri. Alinidanganya mara moja kuhusu afya yake. Alirudi mwenyewe kuniambia, kabla hajabanwa na mtu. Nimempanga kuruka tena."

Basi. Na sahihi.

Niliisoma mara tatu nimesimama pale pale kwenye korido. Mstari wa pili ulinichoma. Deo alishasema yupo kapteni mstaafu anayeweza kuniandikia nzuri isiyo na doa. Niliwaza mshahara, foleni, wale wanane, mtoto.

Nikaiskani nikaituma ilivyo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Ijumaa, kimya.

Somo nililopata nalisema kavu. Mshahara wa kuanzia uangalie, miaka kumi mbele iangalie, daftari chora, mimi sijutii kupima. Nilichosahau kuweka kwenye lile daftari ni kwamba kazi yangu yote inasimama juu ya mtu kuniuliza "uko sawa?" na kuliamini jibu langu. Hilo nililitoa bure kwa sababu ya siku mbili za ruhusa.

Rehema ameniuliza nikikataliwa nitajuta? Nimemwambia nitajuta sana tu. Ila ile barua sikuweza kuichana.

Wenye kazi ambazo afya ni sehemu ya ajira, madereva wa masafa, manesi, mabaharia, nyie huwa mnaaga vipi mkiitwa usaili kwingine? Na ninyi mnaoajiri, mngeipokea barua kama ile mngenichukua? Niambieni bila kunibembeleza. Simu nimeiweka mezani na inanishtua kila ikitikisika, kwa hiyo nikichelewa kuwajibu msinune.